Tovuti ya Mama Mkubwa Rkia

Mama alinituma mkate na majani ya nanaa kabla ya magharibi. Mimi nikajiongezea shughuli ya tatu: kupita dukani kwa Si Anouar, yaani Bwana Anouar, fundi wa kompyuta, nilikomboe jina la tovuti ya marehemu dada wa mama kabla halijachukuliwa na mtu mwingine.

Jina la tovuti hukodiwa kwa mwaka. Lisipolipiwa huachwa wazi, na wa kwanza kubofya ndiye mwenyewe. Hili liliitwa Dar Rkia, Nyumba ya Rkia, na lilikuwa linaachiwa jioni ile, saa kumi na mbili na nusu. Taarifa ililetwa kwenye simu yangu, ingawa sikuwahi kuandikisha namba yangu huko.

Sikujiuliza.

Mji wetu wote wa Fes ulimjua mama mkubwa Rkia kwa maji yake ya maua ya machungwa. Alikufa miaka saba iliyopita, lakini sauti yake ilibaki kwenye tovuti, ikielekeza jinsi ya kuchemsha maua na kukinga mvuke wake. Mama yangu haoni tena. Kila jioni hubonyeza kitufe kimoja cha simu, akamsikiliza dada yake huku akitabasamu. Sauti ile ikipotea, niliogopa mama naye angeifuata.

"Kwani hatuwezi kuinakili tu?" nilimwuliza Si Anouar nilipofika dukani.

"Nimejaribu. Hebu sikiliza."

Akabofya nakala yake. Tone... tone... tone... Maji yakidondoka kwenye chombo cha shaba. Sauti ya mtu haikuwepo.

Kisha akanitazama mikononi. "Sukari umekuja nayo?"

"Sukari ya nini tena?"

"Nyumba tupu haivamiwi, Lalla Ghita. Wenye mahali huombwa ruhusa. Na saa hii ya magharibi ndiyo saa yao."

Nilicheka. Kwetu hakuna anayehamia nyumba bila kuweka sukari na maziwa kizingitini na kuwaomba ruhusa wenye mahali, majini wanaoishi humo. Hata mimi nimefanya. Lakini hapa?

"Si Anouar, mzee mzima na kompyuta zako! Tovuti ina kizingiti gani?"

"Rkia naye alisema hivyo hivyo," alinong'ona.

Saa kumi na mbili na nusu ikafika. Nikabofya.

Jina likawa langu.

Hapo ndipo harufu ilipoingia. Maua ya machungwa, mabichi, mengi... na tulikuwa mwezi wa Novemba, mjini hakuna hata ua moja. Harufu ikakolea mpaka ikawa kama maua yaliyoungua chunguni.

"Miaka yote hii nani alikuwa analilipia?" niliuliza.

"Si mimi."

"Na sauti yake, uliirekodi lini?"

Si Anouar alizima kioo cha kompyuta, kama mtu anayefunika maiti. "Mimi sikurekodi kitu, binti yangu. Tangu wiki ile aliponunua jina hili, Rkia hakutamka neno mpaka tukamzika. Wewe ulikuwa unasoma Rabat."

Ni kweli. Mimi niliambiwa ni koo tu, na madaktari hawakuona ugonjwa.

Akanibandika donge la sukari kiganjani. "Kimbia. Weka mlangoni kwenu, uombe radhi. Pengine hujachelewa."

Nilikimbia vichochoroni bila mkate, bila nanaa. Nyumbani niliinama, nikaweka sukari kizingitini, nikafungua kinywa niwaombe ruhusa wenye mahali.

Ruhusa huombwa kwa sauti.

Yangu haikutoka.

Nikajaribu tena. Pumzi tu. Ndani, mama alikuwa ameketi na simu mapajani.

"Ghita? Umerudi?"

Nilisimama mbele yake, kinywa wazi, machozi yakinitiririka.

"Nimerudi, mama," ilijibu simu. "Mkate ni wa moto, ule upesi."

Ilikuwa sauti yangu. Mama akatabasamu, akapapasa hewani kuutafuta mkate.

Sasa ni Machi. Maua yamefunguka mjini, na mimi naandika kwa kuwa kusema siwezi. Nimeifuta ile tovuti mara tatu, na kila mara imerudi. Nimeweka sukari mpaka siafu wamejaa ukumbini. Simu ile nikiificha, mama hali wala halali mpaka niirudishe. Jana nilikwenda nikamshika mkono, nikauweka shavuni kwangu anitambue. Akauchomoa kwa hofu.

"Ghita, mwanangu," aliiambia simu kwa kunong'ona, "kuna mtu humu ndani. Ananishika, hasemi."

Tone... tone... Kisha sauti yangu ikamjibu, kwa upole ambao mimi mwenyewe sikuwahi kumwonyesha.

"Usimjali, mama. Atazoea."