Kidole cha Ayoubu

Mimi sikuwepo, lakini mjomba Kamaldine amenisimulia mara nyingi, na kila mara huficha mkono wa kulia mfukoni. Mjomba ana pupa. Namsema kwa sababu nampenda.

Asubuhi moja ya kiangazi alipanda pikipiki kutoka Wamaza kwenda Lusangi, kwa rafiki yake Ayoubu. Ayoubu alikuwa amekopa kwake magunia mawili ya mpunga, kwa maneno tu. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo mjomba alibeba karatasi: mpunga usiporudi, shamba la Ayoubu ni la Kamaldine. Shamba zima kwa magunia mawili, ndivyo alivyo. Ayoubu hakujua kusoma. Kilichobaki ni kidole gumba chake.

Alipofika alikuta kilio. Homa ilikuwa imemwua Ayoubu alfajiri, na wanaume walikuwa wakichota maji ya kumwosha.

“Muniachie kidogo nimuage,” mjomba aliwanong'oneza. Wakatoka.

Akavunja biki, kalamu yake ya wino, akakipaka kile kidole wino, kama tunavyofanya sote huku. Kilikuwa baridi. Kovu la panga lilikikata katikati. Akakisogeza juu ya karatasi. Anaapa hakukibonyeza. Kilibonyeza chenyewe.

Waoshaji walisugua ule wino, haukutoka. Ayoubu akazikwa nao.

Baada ya arobaini, mjomba alipeleka karatasi kwa chefu wa kijiji. Hidaya, mjane wa Ayoubu, aliitwa. Hakuwa na shamba lingine la kulishia watoto.

“Bwana yangu alikuwa ananiambia yote,” alisema polepole. “Hii karatasi hakuniambia.”

“Mama, kidole iko yake,” chefu akajibu. “Kila mutu anajua hii kovu.”

Machozi yakamtoka Hidaya. Chefu akamwambia mjomba naye aweke kidole, kuonyesha kwamba amepokea shamba. Mjomba akabonyeza, akainua mkono.

Alama ilikuwa na mstari mweupe katikati.

Chefu aliitazama. Akamshika mjomba kidole, akakigeuza. Kilikuwa laini, hakina kovu.

“Rudia.”

Akarudia. Mstari ule ule.

“Papa Kamaldine,” chefu alinong'ona, “hii kidole iko ya nani?”

Hapo mjomba akasema yote mbele ya Hidaya, akaichana karatasi mwenyewe. Hidaya hakumtukana. Alisema tu kwamba shamba ni lake, na mpunga ni deni la kweli, atalilipa. Chefu akaandika hivyo, na Hidaya akaweka kidole chake.

Wakati wa mavuno alileta magunia mawili yaliyojaa. Mjomba alitaka kukataa, Hidaya hakukubali. Kwenye karatasi ya kupokea alitaka kuandika jina kwa kalamu, lakini Hidaya alimsogezea biki iliyovunjwa.

“Weka kidole, Papa.”

Akaweka. Hidaya akaitazama karatasi kwa muda mrefu, akapitisha ncha ya kucha yake juu ya ule mstari mweupe, taratibu. Halafu akaikunja, akaifunga kwenye pembe ya kitenge.

“Sasa nimeona,” alisema. “Bwana yangu amepokea.”

Mpunga ule uko bado nyumbani kwa mjomba, Wamaza. Hakuna aliyethubutu kuula. Nilipokwenda kumsalimia mwezi uliopita, magunia yalikuwa yameshonwa vizuri, na juu ya kila moja palikuwa na alama ya bluu ya kidole gumba, wino bado mbichi.