Vidonge Nilivyomnyima Tluway

Nina umri wa miaka sabini na minne, ni mjane, naishi Kansay wilayani Karatu. Sikupata kuketi darasani hata siku moja. Maneno haya ni yangu, mwandiko ni wa mjukuu wangu. Nimemwonya asinipunguzie kosa lolote.

Korona ilipotufikia, mume wangu Tluway alishikwa na kikohozi, kisha pumzi ikawa ya shida... Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini akili ilikuwa timamu kuliko yangu. Tabibu wa zahanati, kijana tuliyemwita Daktari Emanueli, akaja nyumbani na karatasi. Alisema kuna utafiti wa dawa mpya, na Tluway anaweza kushiriki.

"Bibi, nusu ya wagonjwa wanapewa dawa yenyewe, nusu wanapewa vidonge visivyo na dawa ndani. Hata mimi sijui vya Mzee ni vipi."

"Hujui unachompa mume wangu, nawe unaitwa daktari?"

Tluway alicheka hadi akakohoa. "Mwache kijana, Mama Paskali! Wewe umenipikia miaka hamsini bila kuniambia umetia nini. Nitavinywa."

Daktari alikuwa na haraka. Wagonjwa walimngoja zahanati. Hakuisoma karatasi. Alichukua dole gumba langu, si la Tluway, akalitia wino, akalibonyeza, akaacha pakiti ya vidonge, akaondoka. Kwa nini dole langu? Kwa nini hakusoma? Ni nani huyo aliyetaka kujifunza kwa mwili wa mkulima wa Kansay?

Mimi ni mfugaji. Malisho nisiyoyajua humwonjesha mbuzi mmoja kabla ya kundi. Nikasaga vidonge viwili, nikavichanganya na pumba, nikampa beberu. Jioni tumbo lake lilikuwa limevimba kama ngoma! Nikajiambia nimepata ushahidi. Kumbe mvua zilikuwa zimeanza, na mbuzi wa jirani nao walikuwa wamevimba kwa majani mabichi... Niliwaona. Sikutaka kuwaona.

Tangu siku hiyo vidonge vilikwenda chooni. Tluway nilimpa maji ya mizizi, nikamwambia dawa nimeikoroga humo. Daktari alipopita kuuliza, nilimwonyesha pakiti tupu, akaandika kwamba mgonjwa amemeza.

Siku ya tisa Tluway akafariki.

Matangani nilisimama mbele ya waombolezaji, nikatangaza kwamba mume wangu amefanywa mnyama wa majaribio! Maneno yalifika Qurus, yakafika Karatu mjini. Akina mama wakaacha kupeleka watoto zahanati. Daktari Emanueli alisimamishwa kazi, akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Akionekana ameua, angenyang'anywa leseni na kupelekwa mahakamani.

Nami nilikuwa shahidi mkuu... Je, ningesema nini?

Mwenyekiti aliniuliza kama marehemu alimeza vidonge vyote. Nikaliangalia dole gumba langu. Akarudia kwa ukali. Hapo kijana yule akasimama: "Mheshimiwa, msimbane bibi yangu. Kosa la karatasi ni langu. Ilipaswa nimsomee Mzee mbele ya shahidi, aweke dole lake mwenyewe."

Ananitetea mimi! Nikasema yote: beberu, choo, mizizi, uongo wangu wa siku tisa.

Walimwondolea tuhuma ya kuua, wakamfungia leseni kwa muda kwa ajili ya ile karatasi. Nje ya lango nilimwomba msamaha.

"Nimekusikia, bibi. Kukusamehe, bado."

Utafiti ulipokwisha tuliambiwa kwamba dawa ile haikumsaidia mgonjwa yeyote. Majirani huniambia nishukuru, kwa kuwa sikumnyima Tluway chochote. Nishukuru nini? Mume wangu alichagua kwa kinywa chake mwenyewe, nami nikamwamulia vingine, nikimtazama usoni!

Ndugu wasomaji, mkiletewa karatasi, ikataeni mpaka isomwe yote kwa lugha mnayoielewa. Mgonjwa mwenye akili timamu aachwe ajibu mwenyewe. Waliotunga karatasi ile bado siwaamini, wala siwaombi ninyi muwaamini. Lakini mkishuku, semeni siku hiyo hiyo, mbele ya daktari na mbele ya mgonjwa. Nawasihi, msifanye nilivyofanya mimi.

Zahanati yetu sasa ina tabibu mgeni. Hunisalimu kwa heshima kila nipitapo, na mpaka leo sijathubutu kumwambia mimi ni nani.