Lesi ya Marehemu Mama

Wifi yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Jioni moja alikaa kitandani, akainyoosha lesi nyeupe mapajani. Ilikuwa ya marehemu mama yake. Alitaka izunguke blanketi la mtoto kingo zote nne, bila kukatwa wala kuungwa kipande kingine.

Lesi ilikuwa na sentimita 400. Blanketi alilitaka liwe na urefu wa sentimita 120. Sasa upana uwe ngapi?

Kaka yangu, fundi pikipiki, alichukua chaki akapiga hesabu sakafuni. Alikumbuka kuwa mzunguko ni upana mara mbili, jumlisha urefu mara mbili. Akagawanya 400 kwa mbili, akapata 200. Kisha akataka kutoa 240, yaani urefu mara mbili. Haikutoka.

"Haitoshi, mke wangu," alisema. "Nitakununulia nyingine."

Wifi aliikunja lesi taratibu, akageukia ukutani.

Roho iliniuma. Nikaenda kumwita jirani yetu, mama mshonaji, naye akaja na futi shingoni. Alipoona ile hesabu alicheka, akamuuliza kaka asubuhi huanza kuvaa soksi au kiatu. Kaka akasema soksi, hilo nalo la kuuliza?

"Na jioni unaanza kuvua nini?"

"Kiatu."

"Basi hapa umevuta soksi kiatu kikiwa mguuni, baba. Upana ulizidishwa kwa mbili kwanza, urefu ukajumlishwa mwisho. Kilichovaliwa mwisho kinavuliwa kwanza. Toa urefu, ndipo ugawanye."

Kaka akafuta, akaanza upya. 400 toa 240, zikabaki 160. Hizo ni za pande zote mbili za upana. Akagawanya kwa mbili, akapata 80.

Mama mshonaji akamtaka ahakikishe. 80 mara mbili ni 160. 120 mara mbili ni 240. Jumla, 400 kamili.

Wifi alikuwa ameshageuka. Alishika mkasi mwenyewe, akakata kitambaa cha blanketi, akiacha nafasi ya pindo kila upande kama alivyoelekezwa. Lesi ikazunguka blanketi, ncha zikakutana kwenye kona. Alizishika muda mrefu kabla ya kuzishona.

Mtoto alizaliwa wa kike. Siku hizi kaka akitoka gereji hukimbilia blanketi, na wifi humzuia mlangoni kwa neno moja tu.

"Kiatu."

Kaka huvua kiatu, kisha soksi, halafu hunawa mikono huku anacheka. Ndipo anapewa binti yake, ndani ya lesi ya bibi.