Yowe la Mkono wa Yolanda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yolanda alifagia uwanja wa nyumba yao pale Kitaya, kisha akateka maji bombani. Asubuhi hiyo ufagio ulimshinda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba na kuwaka moto, naye alikuwa ameuficha ndani ya kanga.

"Hebu niuone huo mkono," mama yake alisema. "Lo! Umefanya nini?"

"Mwiba tu, mama. Juzi, kwenye mihogo."

Uongo mtupu! Juzi alikuwa mtoni Ruvuma, alikokatazwa kwenda kwa sababu ya mamba. Alipokuwa akimnasua ngogo kwenye ndoana, samaki huyo alimchoma kwa mwiba wa pezi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Yolanda aliogopa hasira za mama kuliko maumivu.

Mama alimpeleka zahanati, ambako Nesi Saida aliubonyeza mkono taratibu. Mstari mwekundu ulishaanza kupanda kuelekea kwenye kiwiko.

"Umechomwa na nini?"

"Mwiba wa mti."

"Mti gani?"

Yolanda aliurudisha mkono ndani ya kanga.

"Yolanda, nikitibu kwa kubahatisha, unaweza kuupoteza mkono huu. Sema."

Mama alikuwa akimtazama. Yolanda aliinamisha kichwa. "Ngogo," alisema, akaangua kilio. "Nilikwenda mtoni. Nisamehe, mama!"

Nesi hakupoteza muda. Alijua mwiba wa ngogo hukatikia ndani. Alimchoma Yolanda sindano ya ganzi, akapasua kidogo, akatoa kipande cha mwiba, kisha akampa dawa na chanjo ya pepopunda.

"Mbona mkono umevimba hivi?" mama aliuliza.

"Chembe za mwili zikiumia hutoa kemikali ziitwazo kemokini," nesi alieleza. "Ni kama yowe linalopigwa nguruwe pori wakivamia mihogo. Chembe nyeupe za damu hulifuata na kuja kupigana na vijidudu. Ndiyo maana panavimba na kuwa na joto. Lakini adui akibaki ndani, yowe halikomi, na vita huharibu hata nyama iliyo nzima."

Uvimbe ulipokwisha na Yolanda akashika tena ufagio, mama alimwita.

"Mtoni usiende tena, umenisikia? Ila kuna jambo limeniuma zaidi. Mkono usio na mdomo ulipiga yowe, wewe mwenye mdomo ukanyamaza. Siku nyingine ukiumia, hata kama umekosa, niite, mwanangu. Nitakuja kwanza, kugomba baadaye."