Alama Nyuma ya Alizeti

Msumari ulikuwepo, picha haikuwepo. Runinga haikuguswa, saa ya dhahabu ilikuwa bado mezani, na kitasa hakikuvunjwa. Inspekta, mtu asiyeamini hata kivuli chake, hakuupenda wizi huo.

"Picha yenyewe ya nini?"

"Alizeti kwenye chombo," alisema mke wa mwenye nyumba, aliyeolewa mwezi uliopita. "Nakala ya ule mchoro unaojulikana dunia nzima. Nimeinunua juzi, na fremu yake."

"Ni dada wa kazi," mumewe alidakia. "Ana ufunguo."

Dada wa kazi alikuwa ameshalala mahabusu, mtoto wake mchanga kaachwa kwa jirani. Jambo hilo lilimkera Inspekta. Mwizi gani aache dhahabu abebe karatasi? Kikulacho ki nguoni mwako.

Alisogea ukutani. Rangi ilikuwa imepauka kwa jua, isipokuwa kipande cha mstatili chini ya msumari.

"Mama, hebu nionyeshe ukubwa wa picha yako."

Mke alipima kwa mikono. Kipande kile kiliizidi picha pande zote.

"Alama hii si ya juzi. Kabla ya alizeti palikuwa na nini?"

"Hakuna. Nilikuta msumari mtupu. Mume wangu alisema waliukuta walipohamia."

Mume akakohoa. Binti yake, aliyesimama mlangoni muda wote, aliinamisha uso. Inspekta akamgeukia.

"Palikuwa na nini, binti?"

"Muulize baba."

"Nakuuliza wewe. Kuna mtu yuko ndani kwa ajili ya picha hii."

"Mama yangu. Picha yake ya mwisho kabla hajafa. Nimerudi kutoka chuoni nikakuta maua. Mama nikamkuta stoo, kageuziwa ukutani, nyuma ya ndoo za rangi."

"Na alizeti?"

"Ziko palepale stoo, pamoja na mama. Dada hajui lolote. Nilitaka kusema, nikaogopa."

"Ukamwacha alale sakafuni kwa kosa lako."

Binti akalia.

"Nilitaka tuanze upya," baba alinong'ona.

Inspekta alipiga simu kituoni dada wa kazi aachiwe. Alipokata, mke alikuwa anatoka stoo na picha moja tu, akiifuta vumbi kwa upindo wa gauni lake.

"Nishikie kiti, mwanangu," alimwambia binti.

Picha ilipotundikwa, iliifunika alama yote.