Kiatu cha Kulia

Kiatu ndicho kilichomchongea.

Marsela alimwambia kocha kwamba amekimbia kilomita kumi na mbili, hadi njia panda ya Endabash na kurudi. Kidude kilichobanwa kwenye kamba za kiatu chake cha kulia kikasema tisa. Tena kikaongeza kwamba saa moja na dakika ishirini asubuhi mguu ule ulisimama kwa dakika kumi na moja.

Njia ya mwongo fupi. Hii ilipimwa kwa mita.

Dakika hizo alikuwa nyuma ya ghala la kahawa la kambi ya mazoezi, akipiga picha za bunduki tatu za Mauser zenye viwambo vya kuzuia sauti. Sasa alikuwa ndani ya ghala hilohilo, ameketishwa sakafuni, mikono imefungwa nyuma ya nguzo kwa kamba ya katani.

Wanariadha wenzake pale Karatu walimjua kama binti wa kijiji cha Buger anayetafuta bahati ya mbio ndefu. Idara ya usalama, kule Dar es Salaam, ilimjua kwa namba. Ilikuwa imemtuma achunguze kwa nini kocha mgeni aitwaye Dirk anagawa viatu vya bure, vyenye vidude vya kuhesabu hatua. Jozi kumi na mbili zilikuwa zimepelekwa kwa askari wa wanyamapori wa kituo cha Mto Mawe, juu msituni Ngorongoro, kwa jina la mradi wa afya. Askari hao walikuwa wakilinda faru jike na ndama wake.

Mmoja wao aliitwa Clemensi. Alikuwa mdogo wake Marsela, tumbo moja, na hakujua dada yake anafanya kazi gani.

Dirk alichuchumaa mbele ya Marsela, akamwonyesha saa ya mkononi yenye kioo kikubwa.

"Hii inasoma kiatu chako. Mguu ukitulia, inaandika sifuri. Ukitikisika, namba inapanda na Joel anapiga risasi. Umenielewa, dada?"

Alielewa.

Joel, kijana wa Arusha aliyekuwa akiendesha watalii kabla ya kupata bosi mnono, aliivaa saa ile bila kumtazama usoni. Kiunoni alichomeka bastola ya Browning.

Kisha wakaanza kubishana juu ya kompyuta ya ThinkPad iliyowekwa kwenye gunia. Hawakushusha hata sauti. Walizungumza mbele yake kana kwamba ameshazikwa, na hilo lilimtisha kuliko bastola.

Joel alitaka wasubiri Jumapili ndipo wapande kuua faru. Watu wa huku ni wa kanisa, alisema, siku hiyo kituoni hubaki mtu mmoja. Dirk akacheka, akamgeuzia kompyuta. Si ni Joel mwenyewe aliyekuwa akipanda kila Jumatatu kukusanya kumbukumbu za vile viatu? Basi atazame. Jumatatu hadi Jumamosi, hakuna kiatu kilichosogea hata mita mia. Jumapili asubuhi, jozi kumi na moja zilitembea pamoja kilomita sita, zikarudi mchana.

"Wiki nzima wanalala," Dirk alisema. "Doria yao ni Jumapili."

Marsela alitazama mistari ile kwenye kioo, akaielewa vingine.

Kwao Buger kiatu kipya hakipelekwi kwenye tope. Mama yao alikuwa akihifadhi viatu vipya kwenye boksi chini ya kitanda, vikatoka kwa ajili ya Misa tu. Clemensi na wenzake walikuwa wakizunguka msitu siku sita kwa katambuga za tairi, bunduki begani, huku viatu vya mzungu vikinukia upya kwenye maboksi. Jumapili walivivaa kwenda kanisani.

Joel alikuwa sahihi. Na Jumapili hii zamu ya kubaki ilikuwa ya Clemensi. Mwenyewe alimlalamikia dada yake kwenye simu kwamba atakosa kipaimara cha rafiki yake.

Joel hakuacha kubisha. Dirk akaanza kukuna kidevu. Akikubali tu, baada ya siku tatu Clemensi angekuwa peke yake mbele ya Mauser tatu.

"Wewe ni mtu wa huku," Dirk alimgeukia Marsela. "Leo au Jumapili?"

Hakuwa na silaha nyingine ila ukweli.

"Usiende leo," Marsela alisema. Sauti ilitetemeka, wala hakuwa akiigiza. "Leo Alhamisi wapo wote. Wako msituni na bunduki. Nakuomba."

Dirk alitabasamu. "Mtu hudanganya. Kiatu hakijui kudanganya." Akafunga kompyuta. "Tunaondoka sasa. Joel, nikikuambia kazi imekwisha, mmalize."

Land Cruiser iliondoka na watu watatu, Dirk na wawindaji wake wawili waliokuwa wakisubiri nje.

Joel akaketi mlangoni juu ya debe, amempa mgongo, redio ya Motorola miguuni. Akatoa simu yake ya Nokia akaanza kucheza mchezo wa nyoka. Kila baada ya muda alitupia jicho saa.

Sifuri.

Saa nne. Saa tano. Bati lilichemka. Inzi alitua kwenye ugoko wa kulia wa Marsela, akatembea atakavyo. Mguu ukafa ganzi. Marsela alilia kidogo, kimyakimya, maana machozi hayakuwa yakihesabiwa.

Halafu akautazama mguu wa kushoto.

Kidude kilikuwa kimoja. Huu hakuna aliyekuwa akiusoma.

Chini ya soli ya ndani ya kiatu cha kushoto kulikuwa na wembe wa Idara. Alikivua kwa kukisugua sakafuni, akakikokota nyuma ya nguzo kwa kisigino, taratibu, hadi vidole vikakidaka. Ilimchukua nusu saa. Katani ikaachia uzi mmoja mmoja.

Mikono huru, mguu bado mfungwa.

Hakuthubutu kugusa kamba zenye kidude. Alichana kiatu kwa nyuma, kuanzia juu hadi kwenye soli, kisha akauchomoa mguu kama mtu anayetoa yai chini ya kuku anayelalia.

Joel akatazama saa.

Sifuri. Akarudi kwa nyoka wake.

Motorola ikakoroma. "Joel." Ilikuwa sauti ya Dirk, haina tena kiburi. "Wako kila mahali. Lete gari la—"

Risasi. Kisha kimya.

Joel aliinuka, akageuka. Marsela alikuwa ameshafika, peku, na jiwe la mizani la kilo tano mkononi. Alimpiga mara moja tu. Alichukua Browning, akamfunga kwa katani ileile.

Redio ikapata pumzi.

"Mwenye redio hii." Mtu alikuwa anahema, lafudhi ya Buger tupu. "Mzungu wako tunaye, na wenzake wawili. Sisi wote wazima. Wewe ni nani?"

Clemensi.

Alibonyeza kitufe, akafungua mdomo. Neno moja tu, na mdogo wake angeijua sauti. Baada ya hapo Clemensi naye angelazimika kumdanganya mama maisha yake yote.

Akaachia kitufe.

Akachukua Nokia ya Joel, akapiga Dar es Salaam. "Kahawa imekauka. Njooni mchukue gunia moja ghalani."

"Umeumia?"

"Nimeharibu viatu."

Akakata. Aliiacha redio juu ya debe, akatoka kushika barabara ya Endabash, peku, bila haraka. Nyuma yake sauti iliendelea kuuliza yeye ni nani, na kila ilipouliza alijua mdogo wake yu hai.