Fungu la Marehemu Gnedin

Yefim alipoanza kugonga kijiko ukingoni mwa bakuli la supu ya kabichi, Klavdia alidhani mumewe kachoka tu. Lakini mdundo ule aliujua. Alikuwa ameusikia miaka nenda miaka rudi, ukichechemea nyuma ya ukuta, kutoka chumba cha mtunzi wa muziki Vsevolod Gnedin. Na Gnedin walikuwa wamemzika wiki ile ile.

"Fima, mdundo huo umeutoa wapi?"

"Mdundo gani?"

Mkono uliendelea kugonga.

Maskini Gnedin! Magazeti yaliuita muziki wake kelele, kumbi zikamfungia milango, wanafunzi wakamkana mmoja mmoja. Msibani walikuja majirani tu, waliokuwa wakitumia naye jiko moja. Klavdia ndiye aliyemwekea juu ya kinanda chake gilasi ya vodka iliyofunikwa kipande cha mkate mweusi, fungu la marehemu, lisiloguswa mpaka arobaini ipite. Akaenda chumbani mwa marehemu kuitazama. Mkate ulikuwepo. Gilasi ilikuwa kavu.

"Umekunywa ya maiti!" alimrudia mumewe akifoka.

"Kiu, mke wangu! Kwani yeye angeinywea wapi?" Yefim akacheka, na pumzi yake ikanuka dawa ya moyo aliyokuwa akinywa Gnedin.

Jumapili mchana alimkuta chumbani kwa marehemu. Yefim, fundi mwashi ambaye hata wimbo wa harusi humshinda, alikuwa amekaa kwenye kinanda, na vidole vyake vilivyokakamaa kwa saruji vilikuwa vikikimbia, vikirukiana, vikirudi tena palepale, huku macho yake yakimtoka na machozi yakimchuruzika hadi kidevuni, na harufu ile ya dawa ikizidi kujaa mpaka hewa ikawa nzito kuvuta.

"Klava, nishike," alinong'ona. "Siwezi kuacha."

Alimvuta kwa nguvu zake zote. Hakusogea hata kidogo.

Akamwita Bibi Pelageya, mzee wa ghorofa ya chini anayeondoa mashetani kwa nta. Bibi akaiyeyusha, akaimimina ndani ya beseni la maji aliloliinua juu ya kichwa cha Yefim. Nta ikakataa kuganda.

"Vsevolod Platonovich," Bibi akamwita marehemu kwa adabu, "unataka nini kwa mtoto wa watu?"

Mdomo wa Yefim ukafunguka. "Mikono. Sikubakiwa na mwanafunzi."

"Ukimaliza utamwachia?"

"Nikimaliza."

Bibi akabeba beseni lake. "Mimi hufukuza wenye husuda, binti yangu. Huyu ana kazi yake. Mngoje amalize."

Klavdia angefanya nini? Akangoja. Alimlisha kama mtoto, akafuta damu ya vidole vyake kwenye kinanda, akalia mpaka machozi yakakauka, na mchana na usiku muziki ule ukawa unapanda na kushuka bila huruma, hadi asubuhi moja ukafika mwisho. Mikono ikaanguka mapajani. Klavdia akamkumbatia akitetemeka kwa furaha.

"Kwisha, Fima wangu. Twende ukalale."

Yefim akamtazama kwa upole, kama jirani mliyepishana naye ukumbini.

"Bado, Klavdia Ignatyevna. Huo ndio muziki niliothubutu kuutunga nikiwa hai." Akavuta kiti mbele. "Sasa tuanze ule niliouogopa."